Bustani ya Asiye na Ua

Kiongozi anapopanda miti kwenye uwanja wa mji, akaweka mabenchi na kukata utepe, watu husema ametupa bustani. Wapambe wake huliimba hilo, na jina lake huchongwa kwenye jiwe la ufunguzi. Nina swali juu ya kauli hiyo, na ni swali la imani kabla halijawa la siasa: mtu hutoaje kitu ambacho hakikuwa chake? Ninavyoona mimi, ardhi ya wazi iliyo katikati ya mji ni amana mikononi mwa anayetawala, na hesabu yake ni ileile tunayomdai msimamizi wa mali ya yatima. Tunamuuliza kwanza kama ameila. Kisha tunamuuliza kama ameiacha ikaharibika. Mwisho tunamuuliza kama ameiongeza kwa faida ya mwenyewe. Na mwenyewe, katika miji yetu ya Afrika Mashariki, ni yule anayeishi mahali pasipo na ua.

Tumtazame huyo mwenye mali. Nairobi, katika mitaa ya Mathare, Kibera na Mukuru, chumba cha kupanga cha kawaida ni cha futi 10 kwa 10. Ndani yake kuna kitanda, jiko, madumu ya maji, nguo zilizotundikwa nyuma ya pazia, na watoto. Mlango ukifunguliwa unatazamana na mlango wa jirani, na katikati unapita mfereji wa maji machafu. Mtu anayeishi humo, aliyeamka alfajiri siku sita mfululizo kwenda soko la Gikomba au eneo la viwanda, siku ya saba ataipumzikia wapi? Amri ya Sabato katika Kitabu cha Kutoka haikumkumbuka mwenye nyumba peke yake. Ilimtaja mtumwa, mjakazi, mgeni, hata mnyama wa kazi. Anayeichukulia amri hiyo kwa uzito hana budi kukubali kwamba pumziko linahitaji mahali. Wakazi wa Muthaiga na Karen, mitaa ya matajiri, wana mahali hapo ndani ya mageti yao. Papa Fransisko aliligusa jambo hili waziwazi mwaka 2015 katika waraka wake Laudato si', aliposikitika kwamba katika miji mingi uzuri na kijani huwekwa kwenye mitaa inayolindwa, huku wanyonge wakiachiwa mitaa isiyotazamwa na mtu. Mwaka huohuo Umoja wa Mataifa, katika shabaha ya 11.7 ya Malengo ya Maendeleo Endelevu, uliahidi kwamba kufikia 2030 watu wote, hasa wanawake, watoto, wazee na wenye ulemavu, wawe na maeneo ya wazi yenye kijani na usalama.

Dini zetu hazikuliacha suala la ardhi ya wazi lining'inie. Torati iliagiza miji ya Walawi izungukwe na malisho kwa kipimo maalumu cha dhiraa, na Kitabu cha Mambo ya Walawi, sura ya 25, kikakataza malisho hayo kuuzwa. Nyumba ya Mlawi iliweza kuuzwa na kukombolewa. Malisho ya mji hayakuweza. Hilo ni fundisho zito, kwamba kuna ardhi ambayo hata anayeikalia hana kauli ya mwisho juu yake. Katika Uislamu fundisho hilo lina umbo la kisheria ambalo watu wa pwani wanalijua vizuri, yaani wakfu: mali iliyokwisha kuwekwa wakfu haiuzwi, hairithiwi wala haitolewi zawadi, ila manufaa yake yanaendelea kuwafikia waliokusudiwa. Na asiyependa dini iingizwe katika mipango miji, kwa kuwa mji una watu wa imani zote na wasio na imani yoyote, atakuta wajibu uleule umeandikwa katika sheria za nchi. Sheria ya Ardhi ya Tanzania ya mwaka 1999 inasema ardhi yote ni ya umma na iko chini ya Rais kama mdhamini kwa niaba ya raia wote. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 inatamka katika ibara ya 61 kwamba ardhi ni ya watu wa Kenya, na ibara ya 62 inaikabidhi serikali ya kaunti sehemu ya ardhi ya umma iishike kwa niaba ya wakazi wake. Njia ni tofauti, lakini anayeketi kwenye kiti cha gavana au cha mkurugenzi wa jiji anakutana na dai hilohilo.

Mfano unaonisaidia zaidi kulielewa dai hilo ni wa Khalifa Umar bin Khattab. Utawala wake ulitenga hima, eneo la malisho lisilomilikiwa na mtu binafsi, kwa ajili ya wanyama wa dola na mifugo ya wanyonge, akamweka Hunayy, mtumwa wake aliyemwacha huru, kuwa mlinzi wake. Maagizo aliyompa yamehifadhiwa katika Sahihi ya Bukhari na Muwatta ya Imam Malik. Alimtaka awe mpole kwa watu na aiogope dua ya aliyedhulumiwa. Kisha akampa sheria ya lango: mwenye ngamia wachache aingie, na mwenye kondoo wachache aingie. Akawataja kwa majina watu wa kuzuiwa, Abdurrahman bin Auf na Uthman bin Affan, masahaba wakubwa waliokuwa matajiri, kwa sababu mifugo yao ikifa wana mitende na mashamba ya kurejea. Mnyonge mifugo yake ikifa atakuja na watoto wake kulia mbele ya khalifa, na khalifa hataweza kuwapa mgongo. Ni nafuu basi kumpa majani na maji leo kuliko kumtolea dhahabu na fedha kesho. Umar hakuficha kwamba watu wa nchi ile walimwona amewaonea, maana ilikuwa ardhi yao waliyoipigania tangu zamani, na aliapa kwamba kama si wanyama wa dola asingeitenga hata shibiri moja ya ardhi yao.

Nimeueleza mfano huu kirefu kwa sababu kila kitu kimo ndani yake. Lango lipo na mlinzi yupo, lakini linamzuia mwenye nacho ili asiye nacho apite. Hesabu ya hazina imo pia, na inafaa isomwe wakati wa bajeti: serikali inayowanyima maskini mahali pa bure pa kupumua na kuchezesha watoto italipia baadaye hospitalini na kituo cha polisi. Na kuna aibu ya kiongozi anayejua kwamba ametwaa kitu cha watu, na kwamba kinachomwokoa ni jinsi anavyokitumia.

Sasa turudi Nairobi. Uhuru Park ilifunguliwa na Mzee Jomo Kenyatta mwaka 1969. Miaka 20 baadaye serikali ya chama kimoja ilitaka kusimamisha humo jumba la ghorofa 60 la Kenya Times, gazeti la KANU, pamoja na sanamu kubwa ya Rais Moi. Profesa Wangari Maathai alianza kuandika barua. Aliziandikia ofisi za serikali, aliyaandikia mashirika ya Umoja wa Mataifa, alimwandikia balozi wa Uingereza kwa kuwa mshirika wa mradi alikuwa Robert Maxwell, tajiri wa magazeti wa London, akamuuliza kama Waingereza wangekubali jengo la namna hiyo katika Hyde Park. Bungeni alichekwa, na wanawake wa Green Belt Movement, harakati yake ya kupanda miti, wakaitwa kundi la walioachika. Hatimaye wafadhili walijitoa na mradi ukafa. Watu husifu ushujaa wake, na ni haki yake. Mimi natazama zaidi kilichokuja kutendeka kwenye ardhi aliyoiokoa. Mwaka 1992 akina mama wa wafungwa wa kisiasa walikaa kwenye kona ya bustani hiyo wamefunga kula, na polisi walipowatimua walikimbilia Kanisa Kuu la All Saints lililo karibu. Desemba 2002 umati mkubwa ulifurika humo kumshuhudia Mwai Kibaki akiapishwa kuwa Rais. Tarehe 27 Agosti 2010 katiba ile yenye ibara ya 62 ilitangazwa rasmi papo hapo. Mchoraji wa ghorofa 60 hakuwa na safu ya kuandika mambo hayo kwenye hesabu yake ya faida, kwa kuwa yalikuwa bado hayajazaliwa. Hapo ndipo ninapoiona kazi kubwa ya mdhamini: kuwatunzia watu nafasi ya mambo ambayo yeye mwenyewe hawezi kuyabashiri. Kazi hiyo haina utepe. Saini ambayo kiongozi amekataa kuiweka haipigwi picha, na wapiga kura hawaioni, ndiyo maana inataka mtu anayeamini kwamba ataulizwa na aliye juu ya wapiga kura.

Jeevanjee Gardens, katikati ya Nairobi, ni ndogo zaidi na imepita tundu la sindano hilohilo. Ilitolewa kwa wakazi wa mji na mfanyabiashara A. M. Jeevanjee mwaka 1906, na mwaka 1991 ukatokea mpango wa kuigeuza maegesho ya magari na maduka. Mjukuu wake, Zarina Patel, alikuwa mstari wa mbele kuupinga. Ukipita hapo saa saba mchana utaelewa kilichokuwa hatarini. Mhubiri mwenye Biblia iliyochakaa anamwita Yesu kwa sauti iliyokauka. Hatua chache kutoka kwake, wanachama wa Bunge la Mwananchi, baraza lisilo rasmi la raia wa kawaida, wanabishana kuhusu bei ya unga. Vibarua wasio na pesa ya chakula cha mchana wamejilaza kwenye nyasi, viatu wamevifanya mto. Hakuna jengo jijini linaloweza kuwapokea wote hao kwa pamoja bila kuwauliza wamenunua nini.

Pingamizi la kwanza dhidi ya kuilinda ardhi ya wazi, na ndilo zito kuliko yote, linasema hivi: mji una watu wasio na nyumba, shule zimejaa, hospitali hazitoshi, ardhi ni haba, na ni dhambi kuwapa maua watu wanaohitaji paa. Ninaiheshimu hoja hii, na sitaki kuijibu kwa mashairi ya miti. Naijibu kwa kumbukumbu. Ardhi ya wazi ilipotaka kumegwa Nairobi, aliyekuwa anasubiri kuipokea alikuwa nani? Uhuru Park ilikuwa iende kwa mnara wa ofisi. Jeevanjee ilikuwa iende kwa maduka na magari. Msitu wa Karura, wenye hekta zipatazo 1,000, ulikatwa vipandevipande miaka ya 1990 na kugawiwa wajenzi wa majumba ya kifahari, na Maathai alipokwenda kupanda mti kwenye geti lake Januari 1999 alipigwa hadi akatoka damu kichwani. Ripoti ya Tume ya Ndung'u ya mwaka 2004 ilionyesha jinsi viwanja vilivyotengwa kwa matumizi ya umma vilivyogawiwa wenye nguvu nchini kote. Maskini wametajwa katika hotuba. Kwenye hati hawamo. Hata hivyo nakubali kwamba siku moja inaweza kuja haja ya kweli, zahanati ambayo haina pengine pa kujengwa. Wanazuoni wa fiqhi walishalifikiria hilo. Madhehebu ya Hanafi yameruhusu wakfu kubadilishwa kwa masharti, na ya Shafi, yenye wafuasi wengi pwani yetu, yamekuwa makali zaidi. Kanuni ya haki ingekuwa kwamba atakayechukua kiwanja cha mtaa alete kwanza kiwanja chenye thamani ileile, katika mtaa uleule, kwa watu walewale. Mfalme Ahabu naye alimwahidi Nabothi shamba bora zaidi, au fedha taslimu. Ahadi peke yake haikuihalalisha tamaa yake, na inafaa tukumbuke kwamba alilitaka shamba lile ili alifanye bustani.

Kisa hicho cha Ahabu kinanileta kwenye kuboresha, maana hata kuboresha kunaweza kuwa njia ya kupora. Msimamizi wa yatima hasifiwi kwa kufukia mali chini ya ardhi; mtumishi aliyefukia talanta alikemewa. Bustani iliyoachwa gizani, yenye majani ya kufika kiunoni na vibaka, imeharibiwa sawasawa na iliyouzwa. Kiongozi anapaswa kutengeneza, na anapaswa kupanua. Kigali imeonyesha kwamba jambo hilo halihitaji utajiri wa Ulaya: kinamasi cha Nyandungu kilichokuwa kimeharibika kimefufuliwa, na mwaka 2022 kikafunguliwa kama bustani ya zaidi ya hekta 100. Lakini swali la Umar linabaki langoni. Uhuru Park ilifungwa mwaka 2021 kwa ajili ya ukarabati, na wakazi wakakaa zaidi ya miaka miwili nje ya uzio wa bustani yao. Wapiga picha waliokuwa wakiishi kwa kamera zao humo, na wachuuzi wa njugu na aiskrimu, hawakuwa na pengine pa kwenda. Mdhamini anayetengeneza hufanya kazi sehemu kwa sehemu, akiwaachia watu nusu nyingine. Huanza na vitu ambavyo havipendezi kwenye picha: choo safi kisicho cha kulipia, bomba la maji, taa, miti ya kivuli kabla ya maua ya mapambo, njia ya kiti cha magurudumu. Mama aliyetembea na mtoto mgongoni kutoka Muthurwa hatafuti chemchemi ya rangi. Anatafuta mahali pa kukaa, na choo. Na ukiona bustani ambayo kibao chake kikubwa kinasema usikanyage nyasi, huku kanjo, askari wa jiji, akizunguka na rungu kuwaamsha waliolala, ujue imetengenezwa kwa ajili ya anayepita na gari.

Wapo wanaosema bila ada ya kiingilio bustani haitadumu, na wana ushahidi. Karura iliwahi kuogopwa kama pango la majambazi. Tangu mwaka 2009, chama cha Friends of Karura Forest kikishirikiana na Huduma ya Misitu ya Kenya, uzio umewekwa, walinzi wameajiriwa kutoka vijiji vya jirani, na leo wanawake hukimbia humo peke yao bila hofu. Ni kazi ya kupigiwa mfano. Lakini ada ya watu wazima wawili na watoto watatu, ukiongeza nauli ya matatu kwenda na kurudi, ni pesa ya chakula kwa familia ya mtaa wa Huruma. Kwa msitu mkubwa wa hifadhi labda hilo linaweza kuvumilika. Kwa bustani ya katikati ya mji halivumiliki hata kidogo. Atozwe anayekuja kupiga filamu, anayefanya arusi, anayeegesha gari, kampuni inayotaka jukwaa la tangazo. Anayeingia kwa miguu apite.

Wengine watasema cha wote hakina mwenyewe, na kwamba mali ya umma haina budi kuharibiwa na umma. Garrett Hardin aliipa hoja hiyo umaarufu mwaka 1968. Elinor Ostrom alitumia maisha yake kuichunguza, akaonyesha katika kitabu chake cha mwaka 1990 kwamba jamii nyingi duniani zimetunza malisho, misitu na mifereji ya pamoja kwa vizazi kadhaa, pale watumiaji wanapojiwekea kanuni wenyewe na kusimamiana. Mwaka 2009 alipewa Tuzo ya Nobel ya Uchumi. Hatuhitaji kwenda mbali kumsadiki. Dandora, mtaa unaotajwa zaidi kwa dampo lake, vijana wamezoa taka kwenye nyua za pamoja kati ya nyumba, wakapanda miti, wakapaka rangi, wakaweka bembea. Kibera, kandokando ya mto Ngong, vikundi vya wakazi pamoja na shirika la Kounkuey Design Initiative vimegeuza sehemu za kutupia taka kuwa viwanja vyenye michezo ya watoto na mahali pa kufulia. Kinachoua bustani ya umma ni umma kunyimwa sauti ndani yake. Kiongozi mwenye busara angewakuta watu hao wameshaanza, akawapa hati ya kulinda kiwanja chao na fungu dogo la bajeti, kisha akakaa pembeni.

Limebaki jambo ambalo sisi wa misikiti na makanisa hatupendi kulisikia. Zipo nyumba za ibada zilizosimama juu ya viwanja vilivyotengwa kwa watoto kucheza, na waumini wake huomba humo kila wiki bila kuuliza kiwanja kilipatikanaje. Hatuwezi kumhubiria gavana amana huku miguu yetu ikiwa juu ya amana iliyoliwa. Pengine tuanze na sisi wenyewe, kwa kuzifungua nyua za makanisa na viwanja vya misikiti mchana kutwa kwa watoto wa mtaa bila kuwauliza dini yao. Kisha tusimame pamoja mahali sheria inapotupa nafasi. Kubadilisha matumizi ya kiwanja hutanguliwa na tangazo gazetini na kibao kwenye kiwanja chenyewe, na muda wa kuweka pingamizi huwa mfupi. Imamu na padri wanaosoma matangazo ya arusi wanaweza kusoma na hilo. Nawe msomaji, usingoje tangazo. Nenda ofisi ya ardhi ya kaunti au ya halmashauri yako, uliza uwanja wa wazi wa mtaa wenu umesajiliwa kwa jina la nani, na jibu utakalopewa wapelekee majirani zako kabla ya wiki kwisha.